Gari la zamani na geji ya joto: wapi uifunge ili isikudanganye

Kwenye barabara za Korogwe na Handeni bado yapo magari yaliyoundwa kabla madereva wanaoyaendesha hawajazaliwa. Zipo Land Rover 109 zinazoshusha mboga kutoka milimani, pikapu zinazokusanya machungwa upande wa Kabuku, na malori ya zamani yanayotoa mahindi vijijini kuyapeleka sokoni. Magari haya hayafi kwa uzee. Mengi hufa siku moja, kwenye kilima kimoja, maji ya injini yanapochemka na dereva hana habari mpaka aone mvuke mweupe ukitoka kwenye boneti.

Ukishauona mvuke huo, mara nyingi umechelewa. Gasketi ya hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda. Mzigo umekwama njiani, abiria wanataka nauli yao, na fedha ya msimu mzima inahamia gereji. Kwa mtu ambaye gari hilo ndilo shamba lake la pili, hii ni hasara inayofika mpaka kwenye ada ya watoto.

Kuna kifaa kidogo kinachoweza kumpa dereva dakika kadhaa za kuchukua hatua kabla ya hapo, nacho ni geji ya joto la maji. Makala haya yanaeleza inavyofanya kazi, aina zake, na namna ya kuifunga kwenye injini ambayo haikuja nayo. Lakini jambo kubwa la kushika ni moja: geji inasema kweli pale tu ncha yake inapokuwa ndani ya maji yanayozunguka kwenye injini. Ikifungwa mahali pabaya itakuonyesha salama huku injini inaungua, na hapo ni afadhali usingekuwa nayo kabisa, maana angalau ungekuwa na wasiwasi.

Kwa nini magari mengi ya zamani hayana geji

Mwanzoni mwa karne iliyopita kupima joto la injini hakukuwa kazi ya dashibodi. Huko Marekani kulikuwa na kifaa kilichoitwa Boyce MotoMeter, kilichopata hataza mwaka 1912. Kilikuwa kipimajoto kilichosimama juu ya kofia ya rejeta, nje ya gari, na dereva alikitazama kupitia kioo cha mbele. Wenye Ford Model T walikinunua wenyewe na kukifunga. Kwa hiyo kuongeza geji kwenye gari ambalo halikuja nayo si jambo geni. Limekuwepo karibu tangu magari yenyewe yaanze kuenea.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Dashibodi za matoleo ya mwanzo zilikuwa na vitu vichache: spidi, mafuta, ampea na taa za onyo. Geji ya joto ilikuwa kitu cha kuongeza. Ilipofika Series III, iliyoanza mwaka 1971, geji ya joto iliwekwa kwenye duara moja na geji ya mafuta, mbele ya dereva. Hata hivyo, Land Rover nyingi za wakati huo zinazotembea leo zimebadilishwa injini au zimeungwa waya upya mara nyingi, na mshale wa joto umelala usingizi wa miaka.

Na usidhani hili ni tatizo la magari ya wazee peke yake. Toyota Vitz na Passo nyingi zilizojaa mijini hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi, na taa nyekundu inayowaka joto likishapita kiasi. Kati ya bluu na nyekundu dereva haoni kitu. Tofauti ya taa na geji ni hiyo: taa inakwambia tatizo limefika, geji inakuonyesha likiwa linakuja.

Joto la kawaida ni lipi?

Katika injini ya petroli, takribani theluthi moja ya joto la mafuta yanayoungua huondolewa na maji ya kupoozea. Pampu inayasukuma maji hayo kuzunguka silinda na hedi, kisha yanakwenda kwenye rejeta kupoozwa na upepo. Njiani kuna mlango mdogo unaoitwa themostati. Injini ikiwa ya baridi mlango huo umefungwa ili injini ipate moto haraka. Maji yakifika joto lililopangwa, ambalo kwa injini nyingi za zamani ni kati ya nyuzi 74 na 88 za Selsiasi, unafunguka na kuyaruhusu yaende kwenye rejeta. Ndiyo maana injini nyingi zenye afya hukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95.

Sasa tuangalie ardhi yetu. Kila mtu alifundishwa shuleni kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ni kweli ufukweni Tanga. Ukipanda, maji huchemka mapema zaidi, karibu nyuzi moja chini kwa kila mita 300 za mwinuko. Korogwe mjini, kwenye mita 300 hivi, yanachemka kwenye nyuzi 99. Handeni mjini, kwenye mita 700 hivi, ni nyuzi 98 au kasoro kidogo. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ni nyuzi 95 tu.

Tafakari maana yake kwa gari linalotoka Mombo kwenda Lushoto. Ni kilomita takribani 33, na ndani ya safari hiyo gari linapanda karibu mita 1,000, gia nzito, mwendo mdogo, upepo kidogo kwenye rejeta. Injini inazidi kupata moto, huku kiwango cha maji kuchemka kinazidi kushuka. Vitu viwili vinakaribiana, na vikikutana ndipo gari linapochemsha.

Kinachotutenganisha na hapo ni kofia ya rejeta. Kofia nzima hubana mfumo na kujenga presha. Maji yaliyobanwa hayachemki haraka: kofia ya 0.9 bar inapeleka kiwango cha kuchemka mpaka karibu nyuzi 118 kwa usawa wa bahari. Lakini kofia ambayo raba yake imekatika, au ile iliyofungwa kwa kitambaa, haibani chochote. Gari lenye kofia kama hiyo likifika Lushoto linaweza kuchemka mshale ukiwa kwenye 95, mahali ambapo dereva anaona bado ni salama. Kwa hiyo kabla ya kununua geji, kagua kofia. Kama imechoka, nunua mpya yenye presha ileile iliyopangwa kwa gari lako. Kubwa zaidi ya hapo inaweza kupasua rejeta kuukuu.

Aina mbili za geji

Ya kwanza ni geji ya bomba, isiyotumia umeme. Ina kichupa kidogo cha shaba chenye kimiminika kinachogeuka kuwa mvuke kirahisi, na bomba jembamba kama waya linalokwenda mpaka kwenye dashibodi. Maji yakipata moto, presha inapanda ndani ya bomba na kusukuma mshale. Uzuri wake ni kwamba haijali betri wala waya, kwa hiyo inafaa sana kwa trekta na gari ambalo umeme wake hauaminiki. Ubaya wake ni kwamba bomba lile halikatwi wala haliunganishwi. Likikatika au likipata ufa, geji nzima imekwisha. Bomba likizidi urefu unalikunja kwa mduara mpana, si kwa pembe kali, na unaliweka mbali na bomba la moshi.

Ya pili ni geji ya umeme. Hii ina kidude cha shaba kinachozama kwenye maji, mafundi wanakiita sensa, na si ile ya kuhesabu watu. Ukinzani wake kwa umeme hupungua kadiri maji yanavyopata moto, na mshale hufuata mabadiliko hayo. Ni rahisi kupitisha waya wake popote. Lakini sensa na geji lazima viwe jozi. Sensa ya gari moja ukiiunga na geji ya gari jingine, mshale utatembea vizuri tu, lakini utakachosoma si joto la injini yako. Nunua vyote viwili kwa pamoja, na kama unanunua vilivyotumika, hakikisha vimetoka kwenye gari moja.

Kwa aina yoyote, chagua geji yenye namba. Zile zenye alama ya baridi upande mmoja na moto upande mwingine hazikuambii kama uko kwenye 85 au 98, na tumeona kwamba kwenye mlima wa Lushoto tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Mahali pa kufunga sensa

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kuna sehemu tatu ambazo mafundi hutumia.

Sehemu bora ni kwenye hedi yenyewe au kwenye nyumba ya themostati, upande wa injini, kabla maji hayajapita themostati. Hapo ndipo maji yenye moto mkali yanapokusanyika, na yapo hapo iwe themostati imefunguka au imefungwa. Injini nyingi zina tundu lililozibwa kwa boliti eneo hilo. Kabla ya kufikiria keekee, futa uchafu na grisi uangalie kama tundu lipo tayari. Ukilipata, pima uzi wake. Magari ya zamani ya Uingereza hutumia uzi wa inchi, ya Japani uzi wa milimita. Usilazimishe sensa ya milimita kwenye tundu la inchi kwa sababu imeingia raundi mbili. Tafuta adapta ya shaba kwa mchongaji wa vyuma.

Sehemu ya pili ni mpira wa juu wa rejeta. Unaukata, unaingiza kipande cha bomba la chuma chenye tundu la sensa, na kubana klipu pande zote mbili. Ni njia rahisi na haigusi injini, lakini ina udhaifu ambao lazima uujue. Mpira wa juu uko baada ya themostati. Themostati ikigoma kufunguka, maji ya moto yanabaki kwenye hedi na mpira wa juu unabaki wa baridi. Geji itakuonyesha injini haijapata moto, kumbe hedi inakaribia kupinda. Ukitumia njia hii, jizoeze jambo moja: kama umetembea kilomita kadhaa na mshale haujapanda kama kawaida yake, simama ukague.

Sehemu ya tatu, ambayo haifai, ni mpira wa chini. Maji ya huko yameshapoozwa na rejeta. Unapima kazi ya rejeta, hupimi joto la injini. Vilevile haifai kubandika sensa kwa nje ya hedi kwa waya au gundi. Chuma cha nje kinapigwa na upepo wa feni na kitasoma pungufu.

Hatua za kazi yenyewe

Anza injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi. Toa waya mmoja wa betri. Mwaga maji ya rejeta kwenye chombo, na usiyaache kama yana kulanti, kwa sababu ni sumu na ina utamu unaovuta mbwa na kuku.

Kabla ya kufunga sensa, ipime. Hii hatua wengi wanairuka, na haihitaji zaidi ya sufuria na jiko. Kwa geji ya umeme, iunganishe na betri juu ya meza, waya mmoja utoke kwenye geji kwenda kwenye sensa na mwingine utoke kwenye mwili wa sensa kwenda ethi. Tumbukiza ncha ya sensa kwenye maji yanayochemka, bila kugusa sufuria. Kwa geji ya bomba tumbukiza kichupa chake. Kama uko Korogwe, mshale usimame karibu na 99, na kama uko Handeni mjini, karibu na 98. Ukiona unasema 85 au 110, weka alama ya rangi kwenye kioo mahali unaposimama, au rudisha geji dukani. Sasa unajua geji yako inasema nini maji yakichemka, na huo ndio msingi wa kuiamini.

Kisha safisha nyuzi za tundu na ufunge sensa. Tepu nyeupe ya nyuzi inatosha raundi moja au mbili. Ukiizungusha sana, kwenye geji ya umeme utaitenga sensa na chuma cha injini, na chuma hicho ndicho ethi yake. Kaza kwa kiasi; shaba ni laini na nyuzi hukatika.

Waliotumia kipande cha bomba kwenye mpira wa juu wana kazi moja ya ziada. Kipande hicho kimekaa katikati ya mipira miwili, na mpira haupitishi umeme. Bila waya wa ethi kutoka kwenye kipande hicho kwenda kwenye bodi, mshale hautatikisika, na utadhani umeuziwa geji mbovu.

Kwenye dashibodi, chukua umeme kutoka kwenye waya unaopata moto ufunguo ukiwashwa tu, na uupitishe kwenye fyuzi ndogo. Waya unaopita kwenye ukuta wa injini uvalishe raba ili usikatwe na bati. Angalia pia ethi ya gari lako. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa betri kinyume na tulivyozoea, chanya kwenye bodi. Kama lako bado liko hivyo, geji nyingi za kisasa hazitafanya kazi sawasawa. Kwa gari kama hilo geji ya bomba inakuondolea utata wote.

Kwa wenye Series III ambayo geji yake ya asili imelala, jaribu kuifufua kwanza. Washa ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya wa sensa na uuguse kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja tu. Mshale ukipanda kuelekea moto, geji ni nzima na sensa ndiyo mbovu. Usipopanda, tatizo ni geji au waya. Na ukiona geji ya mafuta na ya joto zinapanda juu kuliko kawaida kwa wakati mmoja, usikimbilie rejeta. Zote mbili zinalishwa na kidhibiti umeme kimoja nyuma ya dashibodi, na huenda ndicho kilichokufa.

Mwisho, jaza maji taratibu gari likiwa limeelekea mlimani, ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kabisa na hewa ipate pa kutokea. Kama gari lina hita, ifungue. Washa injini kofia ikiwa wazi, subiri mpira wa juu upate moto, ongeza maji yanaposhuka, kisha funga. Kagua kama panavuja, na ukague tena kesho yake.

Kuhusu maji yenyewe: upande wa Handeni, ambako maji yamekuwa shida ya miaka mingi, mtu hujaza alichonacho. Lakini maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yanaacha ukoko huohuo kwenye mishipa ya rejeta. Maji ya mvua yaliyokingwa safi, yakichanganywa na kulanti, ni bora kuliko hayo.

Namna ya kusoma mshale

Geji mpya haina maana kubwa wiki ya kwanza. Kazi yako wiki hiyo ni kujifunza kawaida ya gari lako, bila mzigo na ukiwa na mzigo, tambarare na mlimani. Baada ya hapo kila badiliko lina lugha yake.

Mshale ukipanda gari likiwa limesimama na kushuka likitembea, angalia feni na mkanda wake. Ukipanda kwenye mwendo mkubwa au mlimani tu, shuku rejeta iliyoziba ndani, au iliyojaa nyasi na wadudu kwa mbele, au mpira wa chini unaonyonywa na kujibana. Ukikaa chini siku zote, huenda themostati ilitolewa.

Hili la kutoa themostati limekuwa kama dawa ya kila ugonjwa. Gari linachemsha, linatolewa themostati. Kama themostati ilikuwa imegoma, nafuu itapatikana, lakini dawa ilikuwa kuweka nyingine nzima. Kama tatizo lilikuwa rejeta au gasketi, kuitoa hakuponyi kitu. Na injini inayotembea ikiwa baridi inakula mafuta zaidi na inalika haraka.

Sasa dalili ya hatari kuliko zote, ambayo huwadanganya hata madereva wazoefu. Mshale umepanda, umepanda, halafu ghafla umeshuka chini. Dereva anapumua, anadhani injini imepoa. Injini haipoi ghafla namna hiyo mlimani. Kilichotokea ni kwamba maji yamekwisha, na sensa imebaki kwenye hewa. Geji inapima maji. Maji yakiondoka, haina cha kupima. Ukiona mshale umeanguka ghafla, zima injini hapohapo penye usalama. Hili ni muhimu zaidi kwa waliofunga injini za 200Tdi na 300Tdi kwenye Land Rover zao, kwa sababu hedi zake ni za aluminiamu, na aluminiamu hupinda mapema kuliko chuma cha injini za zamani.

Mshale ukipanda taratibu na maji bado yapo, usingoje ufike mwisho. Ingia gia ndogo, punguza kukanyaga mafuta, fungua hita iwe juu kabisa hata kama jua ni kali, maana hita ni rejeta ndogo. Ukiendelea kupanda, simama palipo tambarare. Kama hakuna mvuke wala kuvuja, acha injini ingurume bila mzigo dakika chache huku ukiutazama mshale. Ukigoma kushuka, zima. Kama kuna mvuke au maji yanamwagika, zima mara moja.

Usifungue kofia ya rejeta ya moto. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi zaidi ya 100 hulipuka kuwa mvuke kofia inapolegea, na mvuke huo huunguza uso na mikono. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono mtupu bila kuuachia. Funika kofia kwa kitambaa kinene, ilegeze hatua ya kwanza, ngoja presha itoke, ndipo ufungue. Na usimimine maji baridi kwenye injini inayowaka moto, chuma hupasuka. Yakiwekwa, yawekwe kidogokidogo injini ikiwa imepoa.

Geji haitaona kila kitu. Haitaona oili iliyogeuka rangi ya maziwa kwa sababu maji yameingia, haitaona mkanda uliochanika, na haitaona kama hukuitazama. Kwa dereva anayebeba abiria wanaozungumza njia nzima, ni busara kuongeza swichi ya joto inayopiga honi ndogo maji yakifika kiwango ulichochagua. Lakini ukaguzi wa asubuhi, kiwango cha maji, oili, mkanda na mipira, unabaki palepale.

Ukimaliza kufunga, chukua daftari dogo uliweke kwenye gari. Andika mshale ulisimama wapi ukiwa Korogwe mjini asubuhi, wapi ukifika Handeni, na wapi katikati ya mlima wa Lushoto ukiwa na mzigo kamili. Andika pia ulisimama wapi kwenye sufuria. Siku utakapomkabidhi dereva mwingine gari hilo, mpe na daftari. Namba hizo nne zitamsaidia kuliko ushauri wote wa mdomo, kwa sababu zitamwambia lini injini hii, na si nyingine, imeanza kutoka kwenye kawaida yake.